Matawi ya Kambale

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nioke mkate, na oveni haikuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya vita vya themanini na sita. Madirisha mengi ya Kampala yalikuwa bado yamezibwa kwa mbao, na kampuni moja ndogo ya kutembeza wageni ilikuwa imefungua ofisi Nakawa, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Jirani yangu wa Kawempe aliniambia wanatafuta mpishi wa kambi. Nilikuwa mjane mwenye watoto, nimezoea kupika kwenye harusi na matanga ya Wanubi wenzangu, na sufuria ya kulisha mtaa mzima haikunitisha. Meneja alikuwa Muganda mrefu, mtu wa tai hata jua liwake vipi. Alinitazama kuanzia ushungi mpaka ndala.

"Wewe napika mkate ya wageni?"

"Napika, ssebo," nikamjibu kwa heshima ya kwao.

"Basi pika. Mimi nangoja hapa."

Uani palikuwa na gunia la makaa na sanduku la bati, lile ambalo wanafunzi wa bweni hubebea nguo. Nikakanda unga na hamira, nikauacha uumuke juu ya boneti ya gari lililokuwa limeingia sasa hivi, maana joto la injini huumua unga vizuri kuliko jua. Nikatandaza mchanga ndani ya sanduku, nikaweka bati za mkate juu ya vijiwe, nikafunga kifuniko, kisha makaa kidogo chini na makaa mengi juu. Siri ya oveni ya sanduku ni hiyo, moto wa juu uzidi wa chini, la sivyo utatoa mkate ulioungua tako na mbichi kichwani. Mama yangu alioka hivyo katika laini za polisi, nyumba za askari, nilipokuwa mtoto. Meneja alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama, akakata cha pili, akalegeza tai. Nikajua nimeajiriwa.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi hii leo mna friji zinazochomekwa kwenye gari, na nyama yenu inafika imeganda. Sisi tulipakia kwa akili. Kitakacholiwa mwisho kinaingia kwanza, chini kabisa. Mayai tuliyafukia ndani ya unga wa posho, yaani wa mahindi, na nimevuka nayo mashimo ya barabara ya Mbarara bila kuvunja hata moja. Makaa tulitoka nayo Kampala, kwa sababu ndani ya hifadhi huruhusiwi kuokota kuni wala kukata hata kijiti. Machungwa, mananasi na ndizi mbivu zilikuwa marufuku katika lori langu. Tembo ananusa tunda kutoka mbali usikodhani, na akishalitaka, hema la mgeni si kitu mbele yake. Wageni walilalamika kukosa matunda. Niliwapa maboga yaliyochemshwa na sukari, wakanyamaza.

Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, na hilo lilinifaa. Mjini siku zile Kiswahili kilikuwa kinatazamwa vibaya. Watu walikuwa wamekisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki, na sisi Wanubi, wajukuu wa askari, tulipotia neno sokoni wengine waligeuza uso. Nilizoea kununua nyanya kwa Kiganda changu cha kubahatisha. Lakini ndani ya ile kampuni madereva walikuwa Wakenya na Wakongo, mafundi wametoka kila upande, na bila Kiswahili hata springi isingefungwa. Pale nilisema kwa sauti yangu yote, na ninakiri niliipenda ile ofisi kwa sababu hiyo kabla sijaipenda kazi yenyewe.

Dereva wetu mkuu aliitwa Kambale. Alitoka Congo, upande wa Beni, akawa amekimbilia Kampala na mkewe na kupanga chumba Namuwongo, karibu na reli. Alikuwa mwembamba, mtulivu, anayeimba kwaya kanisani kwake na kuimba vilevile kwenye usukani, taratibu, kiasi kwamba wageni walilala. Aliniita yaya, ambalo kwa watu wa kwao ni dada mkubwa. Mwanzoni nilidhani ananifanya mlezi wa watoto, nikamnunia safari nzima, mpaka fundi alipotuamua. Tangu hapo tukawa ndugu kweli. Alikuwa hali kitu barabarani mpaka nimempa mimi, na akishiba husema, "Yaya, hii mukate yako itaniua siku moja," kisha ananyoosha mkono kwa kipande kingine.

Safari yetu kubwa ilikuwa magharibi, kwenye hifadhi ya makreta. Kreta ni kinywa cha mlima wa moto uliolala zamani. Pale hakuna kimoja, viko vingi, vimekaa kimoja ubavuni mwa kingine. Kimoja kina ziwa la kijani linalonuka kama mayai viza, kingine kina msitu chini, kingine ni nyasi tupu na nyati wamejaa humo. Barabara yenyewe ni nyembamba, ya mawe meusi yanayokata matairi, inapanda na kuzunguka juu ya kingo. Kulia unatazama shimo, kushoto unatazama shimo. Mara ya kwanza nilipofika nilishuka kwenye lori nikakaa chini. Sijawahi kuona mahali palipo kimya namna ile, na nilimshukuru Mungu kwamba vita havikuweza kupafukia.

Wanyama, hata hivyo, vita vilikuwa vimewamaliza. Miaka mingi askari wa serikali hii na ile waliwapiga kwa bunduki za kivita kwa ajili ya nyama na pembe. Tembo waliosalia walivuka mpaka wakaingia Congo, na kwa muda mrefu tulileta wageni kutazama mashimo na nyati. Halafu siku moja askari wa wanyama aliyepangwa kufuatana nasi, Baluku, alitupokea getini akicheka peke yake. Askari wa wanyama ni yule mlinzi mwenye bunduki anayepanda gari la wageni. Baluku alikuwa Mkonzo wa palepale chini ya milima, na lugha yake na ya Kambale ni moja, mpaka tu umewagawa. Alimwambia Kambale kwa lugha yao, kisha akatugeukia sisi.

"Wamerudi," akasema. "Jike moja nazileta. Iko na mtoto."

Lilikuwa kundi dogo. Aliyeliongoza alikuwa jike mzee mwenye sikio la kushoto lililochanika mpaka katikati, na Baluku alisema lile ni jeraha la risasi. Tembo hawa hawakuwa kama wale wa kwenye picha. Waliposikia lori walikusanyika, wakaweka watoto katikati, wakakimbia, au wakatuelekea. Mhifadhi Mkuu, yaani mkuu wa hifadhi yote, aliwaita madereva akasema kwa ukali kwamba gari lisimame mbali, injini izimwe, mtu asipige kelele. Alikuwa Mnyankole mwenye mvi, aliyezika askari wake wengi miaka ya vurugu, na hakuwa na dogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za jeshi.

"Hizi zikikimbia mara ingine, hapana rudi," alisema. "Nyinyi napata wageni kwa sababu yao. Chunga."

Tukachunga. Misimu ikapita, yule mtoto akaota pembe ndogo, jike akazaa mwingine, kundi likakua kwa wengine waliofuata njia ileile kutoka Congo. Baluku alijua kila mmoja wao. Nilikuwa nikimwekea sehemu yake ya chai na mkate, naye alikuwa akinieleza habari zao namna watu wanavyoelezana habari za majirani.

Sasa nifike siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya kuhama kambi. Siku kama hiyo gari la wageni hutangulia polepole ili watazame wanyama, nasi wa lori la jiko hubaki kuvunja kambi na kuzika majivu, kisha hufuata. Kambale alikuwa na wageni wawili, mzee na mkewe, na Baluku mbele pamoja naye. Walipofika kwenye kona kali juu ya ukingo, springi ya nyuma ikakatika. Gari likakaa katikati ya barabara, mahali ambapo anayekuja hawezi kuliona mpaka amelifikia. Baluku akasema atatembea mbele hadi kilimani, ambako redio yake hushika, aite msaada. Akaondoka na bunduki yake.

Kambale akabaki na wageni na gari, na jambo moja kichwani mwake. Lori letu linakuja. Dereva wangu alikuwa kijana mwenye mguu mzito, breki za lori zilikuwa za kubembelezwa, na kama tungelikuta gari limesimama kwenye kona ile, ama tungelisukumia shimoni na wageni wake ama tungetumbukia sisi. Kila dereva wa Uganda anajua la kufanya. Unakata matawi mabichi, unayatupa barabarani hatua kadhaa kabla ya gari lako, nyuma na mbele, na anayekuja akiyaona anapunguza mwendo. Hakuna aliyefundishwa darasani. Hiyo ni alama yetu, toka Kampala hadi mpakani, na imeokoa watu wengi. Kambale akachukua panga, akakata matawi ya mgunga yenye majani mengi, akayapanga pande zote mbili za kona. Mkono ulifanya ulivyozoea. Alikuwa amesahau kwamba hayuko barabara ya Masaka.

Tembo walikuwa chini msituni, ndani ya kreta, na harufu ya mgunga uliokatwa ikawafikia. Walipanda kimyakimya. Kambale aliponiambia baadaye, alisema aligeuka tu akaona kundi liko upande wa mbele wa kona, linakula matawi yake, watoto wakiwa katikati. Akawaingiza wageni kwenye gari, akafunga vioo, akawaambia wasipumue. Alifanya alivyofundishwa. Hakuweza kupiga honi, maana wangelivamia gari. Na hakuweza kumwonya Baluku, aliyekuwa anarudi kutoka kilimani kwa njia hiyohiyo. Baluku alizunguka kona akitembea haraka na habari njema kwamba msaada unakuja, akajikuta yuko hatua chache na mtoto wa tembo. Jike mwenye sikio lililochanika hakumpa nafasi ya kuinua bunduki.

Tulipofika sisi, matawi ya upande wetu yalitusimamisha salama, jinsi alivyokusudia. Kundi lilikuwa limekwisha kushuka. Kambale alikuwa amemfunika Baluku kwa turubai, na alikuwa anaondoa mabaki ya matawi barabarani na kuyatupa shimoni, moja baada ya jingine. Wageni walilia ndani ya gari. Niliona matawi yaliyotafunwa, nikaona yale mazima ya upande wetu, nikaelewa. Mimi niliyekuwa nikipekua mifuko ya wageni kutafuta chungwa moja nilijua maana ya chakula kilichowekwa mbele ya tembo. Nilimpenda sana Baluku. Nilikaa kando ya lile turubai nikamsomea nilichojua, na naamini hakukasirika kwamba dini zetu ni mbili.

Tulimpeleka makao makuu ya hifadhi kabla ya adhuhuri. Wageni walichukuliwa na gari jingine kurudi mjini, wakiwa hawajui lolote isipokuwa kwamba tembo ameua mtu. Mhifadhi Mkuu aliingia chumba alikolazwa Baluku, akatoka barazani. Kisha akawaita askari wawili wenye bunduki kubwa.

"Kesho asubuhi," akawaambia. "Ile ya sikio."

Niwaeleze wasiojua. Tembo anayeua mtu kwa ukali wake mwenyewe, aliyeacha njia yake akamfuata mtu, huhesabiwa kuwa ataua tena, naye hupigwa risasi. Ni sheria ngumu na ina sababu zake, kwa kuwa kando ya hifadhi kuna vijiji na watoto wanaochota maji. Lakini kumpiga jike anayeongoza si kumwondoa mmoja. Wengine hufuata kumbukumbu yake. Baluku mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba jike akifa kwa bunduki, kundi litarudi lilikotoka, na kule Congo bunduki zilikuwa zinangoja. Kila mtu pale barazani alilijua hilo, na Mhifadhi Mkuu kuliko wote. Alichokuwa hajui ni kwamba tembo yule hakumfuata mtu. Aliwekewa chakula mahali ambapo mtu angemgonga kifua kwa kifua.

Baada ya sala ya alasiri nilimkuta Kambale ameketi nyuma ya lori, mikono bado ina utomvu wa mgunga.

"Yaya, ile miti niliikata miye."

"Najua. Niliyaona matawi."

"Niliitia mu barabara kwa ajili yenu. Ile kona ni mubaya. Niliona lori inakuja, munakufa bote."

"Hilo pia najua," nikasema. "Mimi niko hai kwa hayo matawi."

Kisha akasema kwamba akilisema hili, geti litafungwa kwake. Kukata mti ndani ya hifadhi peke yake kunatosha kumtoa dereva, sembuse mti uliomletea askari kifo. Na yeye ni mkimbizi. Nani mwingine atampa gari? Alinitajia watoto wake, mmoja mmoja kwa majina, na mkubwa wao, Masika, alikuwa anafanya vizuri sana shuleni.

"Weye ungefanya nini?"

Sikumpamba. Nilimwambia kwamba akinyamaza, kesho watampiga jike na kundi litakwenda. Akisema, atakosa kazi, na huenda zaidi ya kazi. Nikamwambia, "Neno hili ni lako, Kambale. Sitalichukua kinywani mwako na sitakuhukumu ukilimeza. Mimi sijawahi kuwa wewe." Niliondoka nikaenda kuwasha jiko, maana askari wa pale walikuwa hawajala tangu asubuhi. Nilitia chumvi mara mbili.

Jua lilikuwa halijazama alipopita mbele ya jiko langu akaelekea barazani. Nikaacha mwiko nikamfuata. Wale askari wawili walikuwa wanasafisha bunduki. Mhifadhi Mkuu alikuwa kwenye kiti chake.

"Afande," Kambale akasema, na kwao nyama ndiye mnyama, "ile nyama haina kosa. Ni miye nilikata miti, nikaitia mu barabara. Ilikuja kula. Ilikuwa na mutoto. Baluku alitokea tu."

Askari mmoja, rafiki mkubwa wa marehemu, aliinuka akamkamata shati. Mhifadhi Mkuu aliinua mkono, naye akaachia.

"Nani natuma wewe kusema?"

"Hakuna mutu."

"Wewe najua mimi nafunga wewe?"

"Najua."

"Sasa kwa nini nasema?"

Kambale alitazama mlango wa chumba alimolala Baluku. "Yeye aliniambia zikirudi kwetu zitaisha. Na miye natoka kule. Ni kweli, zitaisha."

Mhifadhi Mkuu alivua kofia, akaiweka magotini, akaifutafuta vumbi ambalo halikuwepo. Aliwaambia wale askari warudishe bunduki kubwa stoo. Kisha akamwambia Kambale asogee karibu.

"Ile jike nabaki," alisema. "Lakini wewe, dereva, hapana rudi hapa. Siku mimi naona wewe kwa geti yangu, nafunga wewe. Kesho mimi nazika mtu yangu. Wewe hapana kuja kuzika."

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Kambale aliyachukua yote akiwa wima, ila aliposikia hataruhusiwa kumzika Baluku, mtu wa lugha yake, alikaa chini pale pale kwenye ngazi akalia kwa sauti. Hakuna aliyemsogelea isipokuwa mimi. Nilimwinua nikampeleka kwenye lori.

Nakawa, Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alichezea ncha ya tai yake.

"Kambale, mimi napenda wewe sana," alisema. "Lakini dereva haingii hifadhi, mimi nafanya nini na yeye?"

Kambale akaweka funguo mezani. Habari zikatangulia mbele yake kwa kampuni nyingine, na kama kawaida ya habari zilikuwa zimenenepa njiani. Mjini ilisemwa kwamba yule Mkongo ameua askari. Hakupata usukani tena. Alikaa kando ya reli Namuwongo akinyoosha springi za magari ya watu kwa nyundo, na mkewe akauza mkaa kwenye makopo.

Kazini kwetu ilitoka amri kwamba kila gari libebe madebe mawili yaliyopakwa rangi nyekundu, ya kuweka barabarani likiharibika. Kila dereva mpya aliyekuja nilimkalisha karibu na jiko nikamwambia mwenyewe, kabla hajapewa chai, kwamba ndani ya hifadhi tawi si alama, tawi ni mlo. Wengine walicheka. Niliwaeleza habari ya Baluku, wakaacha kucheka.

Mimi niliendelea. Nilipika chini ya mameneja watatu, wa tai, wa kofia, na wa mwisho aliyekuwa anatuma maagizo kwa simu bila kutuona nyuso. Mhifadhi Mkuu alistaafu kabla yangu. Kila niliporudi kutoka magharibi nilipita Namuwongo, na kabla hata sijaketi Kambale aliuliza, "Ile mama iko?" Nami namweleza. Iko. Imezaa. Kundi limegawanyika mara mbili, siku hizi hawakimbii gari. Alisikiliza hivyo, nyundo imelala mapajani, na nikimaliza anauliza habari za nyumbani kwangu. Mwaka nilipomletea habari kwamba jike amekufa, kwa uzee, chini ndani ya kreta yenye msitu, aliinamisha kichwa akashukuru Mungu kwa lugha yake. Hakuwahi kuniambia kwamba anajuta, na hakuwahi kuniambia kwamba hajuti.

Nilistaafu magoti yalipokataa kuchuchumaa mbele ya sanduku la mkate. Sasa nimekula chumvi nyingi, niko Kawempe, wajukuu wananiokea mimi, na mkate wao ni mbaya. Nikitazama nyuma naona nilipewa kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Nilizunguka na ushungi wangu mahali ambapo mama yangu hakuota kufika, na niliwalisha watu wa mataifa nisiyoweza kutamka. Wageni wanakwenda kwa wingi kwenye makreta. Naambiwa mara nyingine magari husubiri tembo wapite, na watu hulalamika kwamba wanachelewa. Ningependa wajue nani aliwanunulia kule kuchelewa.

Kambale alifariki mvua za juzi. Nilikwenda matangani na sufuria yangu, nikapika pamoja na akina mama wa kanisa lake. Masika ndiye aliyesimamia msiba. Ni mama mtu mzima, anauza nguo za mitumba soko la Nakawa, ana macho ya baba yake. Alinivuta kando.

"Mama Sauda, wewe ulifanya kazi na yeye. Watu walituambia baba aliua askari. Mpaka shuleni walituita hivyo, kabla hatujatoka shule kwa kukosa karo. Yeye hakutujibu hata siku moja. Ni kweli?"

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza nyinyi. Lori, kona, matawi, baraza, maneno aliyosema, na kwamba hakutumwa na mtu. Alisikiliza mikono ikiwa kifuani. Nilitegemea atalia kwa kusafishiwa jina la baba yake, na nilikuwa nimejiandaa kumshika.

"Kwa hiyo kama angenyamaza," akasema, "angebaki na gari."

"Angebaki."

"Na sasa hao tembo ni wangapi?"

"Wengi, mwanangu. Siwezi kuwahesabu."

Akatazama upande wa turubai la msiba, walikokaa wadogo zake, yule anayesukuma toroli, yule anayefua nguo za watu, na yule aliyezeeka kabla ya wakati.

"Sisi tulikuwa wanne," akasema.

Nilikaa naye mpaka waombolezaji walipopungua. Mimi naamini Kambale alifanya haki, naliamini hilo kuliko mambo mengi niliyosomeshwa, na nitaliamini kaburini. Lakini hilo sikumwambia Masika. Yeye ndiye aliyelipa, na mimi nilikuwa nimebaki kazini, nimekula mkate wangu.